Msellem Alipohamia Buluu

Msellem bin Sleyum bin Hamood bin Nasor. Nasor ndiye aliyetoka Samail, Oman, kwa miguu mpaka Matrah na punda mgonjwa, na punda akafika mzima. Hamood ndiye aliyevuka kwenda Unguja akafungua duka la kutengeneza taa za karabai. Sleyum, baba yetu, ndiye aliyefungua cherehani ya bibi mmoja wa Malindi ya Unguja macho yake yamefungwa leso, akaifunga tena, na haikubaki skrubu hata moja mkononi. Na Msellem, mdogo wangu, ndiye aliyefungua baiskeli ya baba akiwa na miaka minane, akachapwa, kisha akaifunga huku bado analia. Ndiye aliyeingia Maskati mwaka 1972 hana kitu ila cheti cha skuli na spana za baba. Ndiye aliyempakia mkunga nyuma ya pikipiki na wadi, ule mto wa msimu, inateremsha maji, mkunga anapiga makelele njia nzima, na mtoto akazaliwa salama. Na ndiye aliyetaka kumrejesha mtu kwao kwa sababu ya pikipiki, na ilibaki kidogo tu amrejeshe.

Nnaandika haya mie dada yake, Mahfoudha, niliyemlea baada ya mama kufariki. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini nilisoma khasa, na niliyoyaona sijayasahau. Picha zetu zilikwenda na maji mwaka wa kimbunga. Kwa hivyo yaliyobaki ni haya.

Asubuhi Msellem alikuwa mtu wa mtambo wa maji wa Ghubra. Alasiri alikuwa mtu wa gereji yake ndogo, ya magari, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Na Ijumaa asubuhi hakuwa wa mtu yeyote. Ijumaa alikwenda nyuma ya Rusayl, kwenye changarawe na vilima, kurusha pikipiki za mashindano, zile zisizokuwa na taa wala honi wala hata ufunguo. Zinapaa kwenye kilima, zinatua, zinapaa tena. Mie nilikwenda kuangalia mara moja, nikafumba macho, nikarudi nyumbani sijaona kitu.

Alipanda nyekundu. Kila kampuni ya pikipiki ina rangi yake, basi kulikuwa na watu wa nyekundu na watu wa buluu, na kila kundi na chai yake na kivuli chake, na watu wa huku hawaazimi spana ya watu wa kule. Msellem alikuwa nyekundu tangu mwaka 1985. Fulana nyekundu, kofia nyekundu, hata ndoo ya kuoshea pikipiki nyekundu.

Mwaka 1990 alimleta Josphat, Mkenya wa Bungoma, kuwa fundi wa gereji. Msellem ndiye kafili wake, mdhamini wa viza yake, na pasi yake ya kusafiria ilikaa kwenye mtoto wa meza wa Msellem kama ilivyokuwa desturi siku hizo. Josphat alikuwa mrefu, mpole, akiimba nyimbo za kanisani chini kwa chini akifanya kazi. Mkewe Jerusha na watoto watatu walikuwa kwao, na watoto wote wakisoma. Msellem akamtia na kwenye pikipiki. Wakagawana kazi, na mgawanyo ule naueleza vizuri kwa sababu ndiyo yote yaliyofuata.

Msellem alifanya mwenyewe gia na magurudumu. Gia ina mafuta yake mazito kule chini, na hayo Msellem hakumruhusu mtu kuyagusa. Aliyafungia kabatini kama dawa. Josphat alifanya mnyororo, chujio la hewa na mafuta ya kuendea. Pikipiki ile nyekundu ilikuwa ya namna ya zamani, petroli na mafuta ya injini vinachanganywa pamoja kwenye galani moja, unatikisa, unamimina kwenye tangi. Kila Ijumaa, kabla ya kutoka, Msellem akisema, "Mafuta?" Na Josphat akijibu, "Tayari, boss. Nimejaza." Miaka kumi na moja, neno moja na jibu moja.

Mie sikumpenda Josphat. Nasema kweli. Mwaka 1993, wageni wako ukumbini, nnakaanga sambusa, mafuta yakaniishia. Nikamwona Josphat uwani. Nikampa lile dumu langu la njano, nikamwambia, "Josphat, mwanangu, kimbia ukaniletee mafuta." Akakimbia kweli. Akarudi amelijaza. Nikalifungua pembeni ya moto, nikasikia harufu. Petroli! Nilipiga ukelele mpaka wageni wakasimama.

"Unataka kuniunguza na nyumba yangu?"

"Mama si umesema mafuta?" akaniuliza, katoa macho.

"Nakwambia mafuta, unaniletea petroli?"

"Sasa, mama, si ndiyo hiyo?"

Msellem alicheka mpaka akakaa chini. Mie sikucheka. Mtu mzima hajui tofauti ya sambusa na gari? Nikasema moyoni, huyu mtu ana jambo. Tangu siku ile nikawa nikimwangalia kupitia pazia la jikoni, na pazia lile lina tundu dogo ambalo sikulishona makusudi.

Sasa tuje mwaka 2001. Msellem ana miaka arubaini na tano, kifundo cha mkono kimevunjika mara mbili. Nyekundu yake ilikuwa na hasira, ukiigusa inaruka. Hapo zikawa zimekuja hizi za namna mpya, injini inayovuta polepole na kwa nguvu, haimpigi mpandaji mikononi. Na ya kwanza kufika kwa muuzaji ilikuwa buluu. Msellem akaenda kuiangalia mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akarudi nayo nyuma ya gari ya mzigo.

Ijumaa ya mwanzo watu wa nyekundu walimngoja. Rafiki yake Ghanim, aliyesoma naye Unguja na kumshinda kila msimu, alisimama juu ya pipa akatangaza, "Jamaa, mwenzetu kahama chama!"

Nyie mnaojua siasa za Unguja ya zamani mnajua kuhama chama ni tusi la namna gani. Watu waliachana na wake zao kwa hilo.

"Nimehama na kura yangu," Msellem akamjibu. "Wewe baki na kadi yako ya zamani."

"Umehama peke yako, lakini," akasema Ghanim. "Muangalie fundi wako. Kisanduku chake cha spana bado kina stika nyekundu. Mtu wetu huyo! Chunga asikutilie mchanga."

Wote wakacheka, na Josphat akacheka pia. Lakini Msellem alirudi nyumbani akanisimulia, na hakuwa anacheka tena. "Kasema maskhara tu," akaniambia. Nami nikamjibu, "Maskhara hayo yametoka wapi?" Basi. Mbegu nikaitia maji mie mwenyewe.

Pikipiki ile mpya waliilea kama mzazi aliyetoka kujifungua. Mwanzo haikimbizwi. Unaiwasha, inapata moto, unaizima, inapoa, tena na tena, ndipo injini inazoea. Josphat alifua chujio la hewa, ambalo ni sifongo tu, kwa maji ya sabuni, akalianika kivulini, likikauka akalipaka mafuta yake yanayonata ili vumbi lisipite. Msellem alikaza waya za magurudumu moja moja, akizigonga kwa spana na kusikiliza mlio kama mpiga kanuni wa taarabu. Walikataa kuiosha kwa bomba la nguvu, wakaiosha kwa ndoo. Ndoo ilikuwa ile ile nyekundu, na hilo pia nililitia maanani.

Siku ya pili Msellem aliniita nishuhudie wakigawana kazi upya. "Kama zamani, Josphat. Gia na magurudumu yangu. Chujio, mnyororo na mafuta yako."

"Mafuta yangu, boss. Hakuna shida."

Msellem akaweka juu ya rafu ya banda la uwani, inapokaa pikipiki, boksi zima la chupa za mafuta ya injini, kwa sababu namna hii mpya haichanganyi. Petroli inakaa juu kwenye tangi, na mafuta yanakaa ndani ya injini peke yake. Ya mwanzo ilitoka nayo dukani, yakipungua huongezwa, yakichakaa hubadilishwa, na hubadilishwa mara kwa mara. Akasema, "Haya hapa." Josphat akaitikia kwa kichwa.

Wiki ya tatu nikaanza kuona mambo. Jumatano, Msellem yuko mtamboni, Josphat akaingia bandani akafunga mlango nyuma yake. Josphat hajapata kufunga mlango. Alikaa humo nusu saa. Alipotoka alikuwa na karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Alhamisi jirani yetu Nasriya akaniambia kamwona Khuwair ya Kusini, kwenye duka la vipuri la watu wa nyekundu, amekaa nyuma na Mkenya mwenziwe, vichwa vimegusana.

"Wakifanya nini?"

"Wakisoma kitu, bibi. Walipomwona mtu wakakifunika."

Nikampelekea Msellem khabari yote, sikupunguza neno. Ijumaa ile aliporudi aliniambia pikipiki inapata moto sana, na ndani kuna mlio kama bisi zinaanza kupasuka. Nikamwona anamwangalia Josphat kwa namna ambayo hakumwangalia miaka kumi na moja.

"Josphat, mafuta?"

"Nimejaza, boss."

"Lini?"

"Jana jioni. Mpaka juu."

Msellem akaenda kunawa. Lakini usiku ule hakula wali.

Ijumaa iliyofuata injini ilikwama. Alikuwa anapanda kilima cha tatu nyuma ya Rusayl. Ikapiga kelele ya chuma kwa chuma, gurudumu la nyuma likakamata, akaruka juu ya usukani. Hakuumia ila bega. Ghanim ndiye aliyemwinua, na siku ile Ghanim hakufanya maskhara. Josphat alikuja mbio. Msellem, bado amekaa chini, akamuuliza mbele ya watu:

"Mafuta ulitia?"

"Haki ya Mungu, boss, nilitia. Nilijaza."

Msellem akaipakia pikipiki, akamwacha Josphat arudi na gari ya Ghanim. Alipofika nyumbani aliingia bandani peke yake. Mie nikasimama mlangoni. Akafungua skrubu ya chini ya injini, akaweka beseni. Kilichotoka kilikuwa vijiko vitatu vya kitu cheusi, kama makapi ya kahawa, chenye vumbi la chuma linalong'ara ndani yake. Akainuka, akashusha lile boksi kwenye rafu. Gundi yake haijapasuliwa. Chupa zote zimo, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Akanionesha boksi. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Nilikwambia."

"Miaka kumi na moja," akasema. "Ananiangalia usoni na kuniambia nimejaza."

Akaenda kwenye mtoto wa meza, akaitoa pasi ya Josphat, akaiweka mezani. Jumamosi ofisi zikifunguliwa angemfutia viza. Akamtuma mtu kumwita aje baada ya sala ya alasiri.

Saa zile mbili nilikaa jikoni nikapika kahawa isiyokuwa na sababu. Nilifurahi, ukweli ni huo. Nilikuwa nimeona kabla ya wote. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanikera, na nilikuwa nakisukuma mbali. Mwongo, kwa nijuavyo mie, huwa ana maneno mengi. Josphat alikuwa na neno moja tu, na alilirejea kila siku kwa sauti ile ile.

Alikuja na shati safi. Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Pasi aliiona mara moja, na sikuwahi kuona mtu mrefu akawa mfupi hivyo.

"Boss," akasema, "ukinirudisha nyumbani sasa, watoto wangu skuli imekwisha. Mkubwa amebakisha mwaka mmoja. Kama nimekosa, niambie kosa."

"Kosa unalijua."

"Silijui."

"Duka la Khuwair ulikwenda kufanya nini?"

Josphat akainamisha kichwa. "Nilikuwa na Harrison, Mkenya mwenzangu. Ana kitabu cha hii pikipiki, cha Kiingereza. Boss, mimi hii ya buluu sikuijua. Ya zamani nilikuwa naijua nikiwa nimelala. Hii nilikuwa naona haya kukuuliza. Nikaenda tukakisoma pamoja." Akatoa mfukoni karatasi ile iliyokunjwa. Ilikuwa imechorwa injini kwa kalamu ya risasi, na mishale. "Jumatano niliingia kwa banda kuchora. Nilifunga mlango usinione nikichora kama mtoto."

Msellem aliiangalia karatasi, akaisukuma. "Hayo tuyaache. Nakuuliza la mwisho. Wiki hii ulitia mafuta, hukutia?"

"Nilitia."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nilikuwa nimesimama na dele la kahawa mkononi, na nikaona namna ya kumkamata mbele ya mdogo wangu, asiweze kutoka. Nikamuuliza:

"Ulitia kiasi gani?"

"Saba, mama."

"Saba nini?"

"Lita saba. Mpaka shingo ya tangi."

Nikatazamana na Msellem. Nimemwona akibadilisha mafuta ya magari maisha yangu yote, najua injini inakula kiasi gani, na ile ya pikipiki kaniambia mwenyewe kuwa haimalizi hata chupa mbili. Lita saba? Mtu anayedanganya hatoi hesabu ya kijinga kama hiyo.

"Tangi," akasema Msellem polepole.

Na mie ndipo nilipoliona lile dumu langu la njano. Nililiona wazi, limekaa pembeni ya moto wa sambusa, na Josphat katoa macho, *mama si umesema mafuta?* Nililiweka dele chini.

"Msellem," nikasema, "huyu mtu akisema mafuta, anasema petroli."

Msellem akainuka, akaenda bandani, akarudi na boksi lile, akaliweka miguuni kwa Josphat.

"Na hii unaiitaje?"

"Hiyo ni oil," akasema Josphat, kama mtu aliyeulizwa jina la mkono wake. "Oil ya injini. Nilidhani ni yako, boss. Hii haichanganyi, na oil ya chini siku zote ni kazi yako. Miaka kumi na moja umekataa niguse oil hiyo, unafungia kwa kabati. Nilikuwa naona boksi iko vile vile, nikasema labda boss ana ingine yake."

"Si nilikwambia mafuta yako?"

"Mafuta, ndiyo. Na nikaweka. Kila wiki."

Msellem akakaa. Akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika, na mwanzo nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini si kicheko cha mwaka ule wa sambusa. Nyekundu ilikuwa inachanganya, basi neno moja liliwatosha wote wawili. Kila mmoja alisema mafuta na kila mmoja alikuwa sawa. Ilipokuja buluu, petroli ikakaa juu na mafuta yakakaa chini, na neno halikuenda nayo. Pikipiki haikuwa na kosa lolote. Ilikunywa petroli vizuri na ikafa kwa kiu.

Msellem aliichukua pasi mezani. Hakuirudisha kwenye mtoto wa meza. Akamtilia Josphat mkononi.

"Kaa nayo mwenyewe."

"Boss, sasa nikiipoteza?"

"Utaipoteza wewe. Si mie."

Josphat akaitia kwenye mfuko wa shati, kifungo akakifunga, akakigusa mara mbili kuona kama kimefungika. Kisha akanigeukia. Nilitaraji lawama, na ningezipokea, ingawa si kwa kuinamisha kichwa. Akasema, "Mama, kahawa iko?"

Nikamimina. Nusu nikaimwaga kwenye sahani.

Msimu ule Msellem hakushindana. Ghanim alishinda, na kwa mara ya kwanza akasema hakupata raha. Wiki sita injini ilikuwa juu ya meza ya banda, vipande vimepangwa juu ya gazeti, na kile kitabu cha Harrison kimefunguliwa katikati, safari hii mlango wazi. Josphat alisoma Kiingereza, Msellem akafasiri Kiarabu kilichoandikwa kwenye boksi za vipuri, na walipokwama waliniita mie niwasomee namba ndogo ndogo kwa miwani yangu. Stika nyekundu ya kisanduku cha spana nilimwona Msellem anaibandua kwa ukucha, kisha akaona imeacha doa, akairudishia.

Ijumaa ilipokuja ya kuiwasha tena, Msellem aliniita bandani. Nilidhani nimeitwa kusoma namba. Akachomoa kile kijiti kinachopimia mafuta ya injini, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akanitia mkononi vyote viwili, kijiti na kitambaa.

"Dada," akasema, "sisi wawili tunaaminiana mno, ndiyo tumeua injini. Wewe hujamwamini mtu tangu uzaliwe."

"Usinikosee adabu."

"Sikukosei. Nakupa kazi. Kila Ijumaa, kabla hatujatoka, utasimama mlangoni. Utauliza petroli. Mtu akikujibu, ufungue tangi uangalie. Kisha utauliza oili. Mtu akikujibu, usimsikilize, tia kijiti hiki mwenyewe. Na mtu yeyote hapa akisema mafuta, mie au yeye, haondoki."

"Na mie nikisema mafuta?"

"Wewe ukisema mafuta," akasema Josphat kutoka nyuma ya pikipiki, "mama, utuambie kwanza kama kuna sambusa."

Nikatia kijiti, nikachomoa, nikakinyanyua kwenye mwanga. Nikamwambia Msellem asogee, ananizibia. Nikatia tena.